Sentensi Aliyoitaka Fundi Maganga

Nyinyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya usuluhishi mmeikuta ndani ya simu. Mimi niliikuta kwenye benchi. Lilikuwa benchi fupi la baraza la kata, hapa Tabora mjini, na waliogombana walilazimika kulikalia wakigusana mabega. Mwenyekiti wetu, marehemu Mzee Sizya, alikataa katakata kununua benchi la pili. "Wakikaa mbali watapiga kelele," alikuwa akisema. Kabla ya kuuliza lolote aliwaletea maji, na kikombe kilikuwa kimoja. Aliyekunywa kwanza ilibidi ampe mwenzake kwa mkono wake. Wengine walikataa wakashinda na kiu, na jua la hapa kabla ya mvua mnalijua. Mzee Sizya hakuwahimiza. Alisogeza kikombe katikati ya benchi, akafungua redio yake ndogo, akasubiri.

Niliyojifunza pale ni kuangalia mikono, miguu, na nani anamtazama nani. Mtu akisema "sitaki" huku amekwisha kugeuza magoti kumwelekea mwenzake, unajua kazi imebaki kidogo. Elimu yote hiyo niliibeba nikaingia nayo kwenye simu, na siku ya kwanza nikagundua kuwa humo hamna magoti.

Nilipostaafu barazani, ofisi moja ya usuluhishi wa mtandaoni yenye makao yake Dar es Salaam ilikuwa inatafuta watu wazima wa mikoani. Wakanipa simu, wakanifundisha kwa siku chache, wakaniambia, "Bi Tatu, ni yale yale, ila kwa maandishi." Kila upande unaandika shida yake na unachotaka. Mimi nasoma, nauliza, nabeba pendekezo la huyu kumpelekea yule. Kila pendekezo lina muda wake, na lisipojibiwa linajifuta. Wakipatana, kila mmoja anabonyeza neno "Nakubali", kesi inafungwa. Tuliruhusiwa kumpigia simu kila upande peke yake, mradi wote wapate nafasi sawa. Kuwaweka wote wawili kwenye simu moja hatukuruhusiwa. Ofisi ilisema sauti zikikutana zinazaa ugomvi, na ugomvi unachelewesha.

Msinifikirie kuwa nimekuja kuisema vibaya haraka. Kule barazani niliwaona ndugu wawili wa Uyui wakigombea kisima, kesi ikiahirishwa kila mara, huyu anauguliwa, yule yuko shamba, mjumbe hayupo. Mmoja akafa kabla hatujamaliza. Yule aliyebaki alikuja barazani baada ya arobaini akasema anafuta shauri, kwa kuwa hana tena wa kushindana naye. Alikaa kwenye lile benchi peke yake, akalia mpaka Mzee Sizya akazima redio. Kwa hiyo nilipoona kesi ya mpaka wa shamba inaisha kabla ya Ijumaa, nilifurahi, sisemi uongo.

Simu nayo ina vituko vyake. Kulikuwa na mume na mke wa Kigwa waliotengana. Mume aliandika maneno matamu ajabu: mke wangu kipenzi, nyumba imepooza bila wewe. Mke akaanza kulainika. Lakini mimi niliona jambo. Mwanaume yule alikuwa mfanyakazi wa reli, na aliniambia mwenyewe kuwa akiwa njiani mtandao haumpati. Sasa mbona jumbe zinaingia saa ambazo treni yake iko porini? Nikampigia jioni. "Baba Asha, ule ujumbe wa asubuhi umeuandika wewe?" Akasema, "Ujumbe gani?" Kumbe simu alimwachia dada yake, na dada ndiye aliyekuwa akibembeleza kwa niaba yake. Mke alipojua alicheka, halafu akasema, "Basi nimrudie wifi." Hakurudi. Tangu hapo, kila kesi nilianza kwa kuuliza: simu hii anaishika nani?

Mengine niliyaokota hivyo hivyo. Angalieni salamu. Mtu aliyekuwa anaandika "habari za asubuhi" akianza kuandika bila salamu, kuna kitu kimemchoma, rudini nyuma mkakitafute. Asiyejibu haraka si lazima awe mkaidi. Huenda anasoma na kurudia kusoma, au hana bando. Anayeng'ang'ania jambo dogo mwacheni aling'ang'anie mbele yenu, mpaka mjue lina nini ndani. Na yule anayekubali kila kitu kwa mara moja ndiye wa kumpigia simu kwanza.

Hayo mawili ya mwisho yalinifikia kupitia shauri la Fundi Maganga.

Fundi Maganga alikuwa fundi cherehani. Wa rika langu wanamkumbuka. Alikaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Mzee Kanti, Mhindi wa zamani wa mji huu ambaye alizaliwa hapa na alikuwa akisema Kinyamwezi kuwashinda wajukuu zangu. Ulinunua kitambaa ndani, ukatoka nacho hatua chache, Fundi akakupima. Wawili hao walizeeka pamoja, mmoja ndani ya mlango, mmoja nje. Hapakuwa na mkataba. Kulikuwa na siku moja tu ambayo Fundi alitaka kuhamia sokoni, na Mzee Kanti akatoka nje mbele ya watu akamwambia, "Unakwenda wapi? Kaa hapa mpaka uchoke mwenyewe." Fundi akakaa.

Mzee Kanti alipofariki, duka likabaki kwa mwanawe wa pekee, Dilip, aliyekuwa anaishi Uingereza kwa miaka mingi. Dilip akapata mnunuzi wa jengo. Mnunuzi alitaka kibaraza kizibwe kwa vioo kiwe sehemu ya duka, na alitaka akikute kitupu. Fundi akagoma kuondoka. Wakili wa Dilip akashauri jambo liletwe kwetu kabla ya kufika mahakamani, na kwa kuwa mji ni wangu, ofisi ikanipa mimi.

Maelezo ya kwanza ya upande wa Dilip aliyaandika wakili. Mlikuwa na neno moja humo: mvamizi. "Mvamizi wa kibaraza." Fundi alikuwa msomaji mzuri, miwani yake ikining'inia kwa uzi wa cherehani. Aliposoma alinipigia simu.

"Bi Tatu, mvamizi ni nani hapa?"

"Ni lugha ya mawakili, Fundi. Usiitie moyoni."

"Naitia wapi sasa?"

Neno lenyewe halikubaki kwenye simu. Dalali wa mnunuzi alikuwa akilisema pale mtaani, kwa wauza kahawa, kwa wenye maduka ya jirani, na mtaa haukuwa tena ule wa zamani. Wengi walikuwa wageni waliomkuta Fundi pale bila kujua alianzaje. Wakaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Jibu lake Fundi aliliandika kama anavyoandika mtu aliyelelewa. Alianza kwa kumjulia Dilip hali, yeye na mkewe na watoto, akampa pole upya kwa msiba wa baba yake, akamweleza kuwa mvua zimechelewa. Kisanduku cha maandishi kikajaa kabla hajafika kwenye shauri. Dilip akajibu: "Nimeona. Unataka nini?"

Fundi akanipigia tena. "Huyu mtoto nimemshonea kaptula yake ya kwanza ya shule. Ananiambia 'nimeona'. Ameona nini?"

Nilimweleza kuwa vijana wa huko wanaandika hivyo, kwamba si dharau. Nilikuwa naamini nusu.

Majadiliano yenyewe yalikwenda vizuri kupita nilivyotegemea. Dilip hakuwa mtu mbaya. Alipendekeza kumkodishia Fundi kizimba kwenye soko jipya na kumnunulia cherehani mpya ya umeme. Fundi akaomba apewe muda mpaka sikukuu ipite, kwa sababu alikuwa na nguo za watu. Dilip akakubali. Fundi akaomba kabati lake la vitambaa lisitupwe. Dilip akakubali. Mapendekezo yalikuwa yakienda na kurudi hata chai yangu haijapoa. Mkuu wangu kule Dar es Salaam, kijana mmoja mpole aitwaye Frank, aliniandikia kunipongeza.

Ndipo Fundi akaleta ombi la mwisho. Alitaka kwenye makubaliano iandikwe sentensi moja: "Baba yangu Kanti alimpa Fundi Maganga kibaraza hiki akae mpaka achoke mwenyewe." Basi. Akishaandikiwa hiyo, angeondoka hata kabla ya sikukuu.

Jibu likaja baada ya siku nzima, na halikuwa na sauti ya Dilip. Lilisema sentensi hiyo haikubaliki kwa namna yoyote.

Nikampigia Dilip. Alikuwa njiani kutoka kazini, nikasikia upepo na magari.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Hii sentensi ina nini?"

"Wakili anasema nikiandika kwamba baba alitoa, ni kama nimempa hati. Mnunuzi akiiona atakimbia."

"Tunaweza kuandika chini yake kwamba sentensi hii haimpi haki yoyote kwenye jengo. Fundi hataki jengo."

"Nilimwambia hivyo wakili. Hataki."

"Dilip, nikuulize. Ni kweli au si kweli? Baba yako alisema hivyo?"

Akasema taratibu, "Wakili ameniambia nisijibu hilo swali pia."

Hapo nilijua kuwa ni kweli, na kwamba yeye anajua. Lakini aliyoniambia faraghani sikuruhusiwa kuyapeleka upande wa pili. Mtakutana na hilo, vijana wangu. Mtakaa na kitu ambacho mtu mmoja amekilalia njaa, kiko mkononi mwenu, na hamwezi kumpa.

Nikamwomba Frank aniruhusu kuwaweka kwenye simu moja, waongee dakika chache tu. Nilijua Dilip akisikia ile sauti ya Fundi atasema, hata kama hataandika.

"Bi Tatu," Frank akasema, na alisema kwa heshima, "wameshapatana kwenye yote yanayoshikika. Hii imebaki hisia. Tukiwafungulia sauti, yule wakili ataondoa kesi, na yule mzee atajikuta mahakamani bila hata kile kizimba. Umefikiria hilo?"

Nilikuwa nimelifikiria. Lilikuwa kweli, ndilo lililonifunga mdomo.

"Na kuna watu kwenye foleni," akaongeza.

Muda wa pendekezo la Dilip ulikuwa unakaribia kuisha. Nikaenda mwenyewe mpaka kibarazani, nikiwa nimemjulisha Dilip kuwa naenda. Fundi alikuwa anapindia suruali ya mtu. Subana ya kukinga sindano ilikuwa kidoleni. Nilimweleza kuwa sentensi imekataliwa, na kwamba akisubiri, yale mengine nayo yatajifuta.

Aliendelea kushona mpaka akamaliza mguu mmoja. Akakata uzi kwa meno.

"Mzee Kanti alisema nikae mpaka nichoke mwenyewe," akasema. "Basi nimechoka."

"Fundi, usikubali kwa hasira. Tunaweza kuomba muda."

"Sina hasira. Sikiliza. Nikichoka mwenyewe, hakuna aliyenifukuza, na neno la mzee halijavunjwa na mtu. Nionyeshe pa kubonyeza."

Nilimwonyesha. Subana ilikwaruza kioo, simu haikusikia. Akaivua, akabonyeza kwa kidole kitupu. Simu ikaleta rangi na vimulimuli na maneno "Hongereni!" Akaitazama kidogo, kisha akanirudishia, akachukua mguu wa pili wa suruali.

Ofisini kesi ile ilitajwa kwenye kikao. Mhindi yuko ng'ambo, fundi yuko Tabora, jengo, mnunuzi, wakili, na yote yameisha bila mtu kupanda gari. Waliipigia makofi. Mimi nilikuwa nawasikia kwenye simu, nimeketi jikoni kwangu, nikizima na kuwasha kipaza sauti.

Msiniulize kama makubaliano yale yalivunjwa. Hayakuvunjwa hata kidogo. Kizimba kilikodiwa, cherehani ikaja kwenye boksi lake, kabati likabebwa na mkokoteni. Lakini wateja wa Fundi walikuwa wa duka la vitambaa, na sokoni aliwekwa nyuma, baada ya wauza ndoo. Ile cherehani ya umeme ilimkimbia mguuni. Ya zamani alizoea kuisukuma mwenyewe, akijua kila tundu la sindano linapoingia. Alimharibia mama mmoja gauni la harusi ya binti yake, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Na kule mtaa wa zamani habari ilikwisha kutulia: mvamizi kalipwa kaondoka. Hata jirani ninayesali naye alinisimulia hivyo, mimi, niliyekuwa ndani ya shauri. Nilimkatalia. Akaniuliza, "Sasa kama alipewa, mbona hakuonyesha?" Siri ya kesi ilinizuia kuendelea.

Siku moja nikapita sokoni, kizimba kimefungwa. Muuza ndoo akaniambia mzee kahamia Lusu, kwa binti yake.

Dilip alikuja baadaye kumalizia mambo ya jengo. Alinitafuta, akaja nyumbani, akakaa kwenye kochi langu akizungusha funguo za gari la kukodi. Kichwa kilikuwa kimeanza mvi. Aliniuliza Fundi yuko wapi. Nilikuwa nimeshaacha kazi ya ofisi ile, sikuwa tena na wa kumwomba ruhusa, nikajifunga mtandio tukaondoka.

Njia ya Nzega mnaijua. Tulipokaribia Lusu akasema, "Bi Tatu, siku ile baba anamwambia akae, mimi nilikuwepo. Nilikuwa chini ya meza ya Fundi, nachezea vifungo."

"Nilikisia," nikasema.

Tulimkuta kwenye kizingiti cha nyumba ya binti yake, anabangua karanga. Macho yalikuwa yameshapungua nguvu.

"Shikamoo, baba," Dilip akasema.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Dilip. Wa Mzee Kanti."

"Loo! Karibu. Mpeni kiti." Akampapasa bega, akampima kwa mkono kama alivyozoea. "Umenenepa. Ile kaptula sasa ungeifanya leso."

Tulicheka. Binti yake akatuletea uji. Fundi akauliza habari za mke na watoto, akauliza huko baridi watu wanavumiliaje. Dilip alijibu yote, kisha akaweka bakuli chini.

"Baba, nimekuja kusema jambo. Mzee alikupa kile kibaraza. Alisema ukae mpaka uchoke mwenyewe. Nilisikia kwa masikio yangu. Ilipaswa niandike, sikuandika."

Fundi aliendelea na karanga. Ganda huku, punje huku. Nilitegemea atalia, au atamfukuza. Kisha akasema:

"Ahsante. Lakini hapa Lusu hakuna anayekijua hicho kibaraza. Hapa mimi ni baba yake Mwashi tu, hakuna aliyeniita vibaya. Maneno hayo ungeyasema kule."

"Twende wote basi, nikayaseme."

"Mimi nikasimame pale nisikilize habari zangu?" Akatikisa kichwa. "Wahini jua nyinyi. Mimi nina karanga."

Hakukunja uso. Alitusindikiza mpaka kwenye gari akiwa ameshika bega la Dilip. Niliwahi kuona watu wengi wakisamehewa kwenye lile benchi la Mzee Sizya, na najua msamaha unavyokuwa. Sikuuona pale. Niliona mtu anayemuaga mgeni kwa adabu.

Tukarudi Tabora jua linaelekea kuzama. Dilip akaendesha moja kwa moja mpaka kwenye jengo la baba yake. Kibaraza hakikuwepo. Vioo vilianzia barabarani, na ndani kulikuwa na makava ya simu yamening'inizwa ukutani kila rangi. Muuza kahawa wa zamani alishafariki. Duka la pembeni lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Mwanaume mmoja wa makamo alikuwa anashusha mlango wa chuma wa lile duka la makava.

Dilip akamsalimu, akasimama sawasawa kama mtu anayeapa. "Nimekuja kuhusu Fundi Maganga," akasema. "Yule aliyekuwa anakaa hapa. Hakuwa mvamizi. Baba yangu ndiye alimpa nafasi."

Yule bwana akamtazama, akanitazama mimi.

"Fundi gani?"

Dilip akaanza kumweleza, tangu mwanzo: baba yake, duka la vitambaa, meza, vifungo. Yule bwana alisikiliza kidogo kwa uvumilivu, mkono ukiwa bado juu ya mlango. Kisha akauliza kama tunanunua, kwa sababu alikuwa anafunga.